Mdogo wetu kapata tuzo ya tasnifu bora ya uzamili: hafla ya watu 60 nyumbani tuiandaeje?

Binti_Kihonda

Habari zenu wakuu. Mdogo wetu wa mwisho anamaliza shahada ya uzamili Novemba hapa Morogoro. Ndaki yake, yaani kitengo chake cha chuo, imemwandikia barua kwamba tasnifu yake (kitabu cha utafiti wake) ndiyo bora kwa mwaka huu. Inahusu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, kwenye mahindi. Tuzo atakabidhiwa chuoni Alhamisi, mahafali Ijumaa, na familia tumekubaliana kukutana nyumbani Kihonda Jumamosi mchana.

Tuliowaandika ni watu 60. Robo yao ni wazee, wajomba na mashangazi wa Kondoa, wakulima wa mahindi, na wengi wao hawajawahi kusikia neno tasnifu. Fedha iliyo mkononi ni shilingi 1,200,000, na kuna ahadi za kama laki nne.

Naomba msaada kwenye haya: chakula na vinywaji kiasi gani, ratiba ikae vipi, tuzo tuielezeje ili wazee waelewe mtoto wao kafanya nini, na zawadi gani itamfaa. Kuna ndugu wanaotaka ukumbi na MC wa kukodi, mama anataka dua na pilau nyumbani. Mjomba naye ameagiza bango liandikwe "Dk." mbele ya jina. Ni sawa?

---

Msimamizi_wa_Utafiti

Hongereni sana. Tasnifu kuchaguliwa bora si jambo dogo, maana watahini wameisoma neno kwa neno na ndaki ikailinganisha na za wenzake wote.

Nianze na bango. Msiandike "Dk." Kwa upande wa utafiti, hiyo ni ya aliyemaliza uzamivu (PhD), na mdogo wenu amemaliza uzamili. Wanafunzi wenzake na walimu watakaofika wataliona kabla hawajaketi, na aibu itamwangukia yeye, si mjomba. Andikeni: "Hongera (jina lake) kwa Tuzo ya Tasnifu Bora ya Uzamili", kisha mwaka. Jina lifuate barua ya ndaki, herufi kwa herufi, na jina la tuzo vilevile. Nembo ya chuo msiiweke. Kuitumia kunahitaji kibali, na bango linapendeza bila nembo. Mwambieni mjomba kwa upole kwamba "Dk." tunamtunzia kwa safari inayofuata. Mzee akiambiwa hivyo huridhika.

Pili, joho. Mara nyingi ni la kukodi au la kurudisha chuoni, na likirudi na madoa au likichelewa kuna faini. Jumamosi alivae kwa picha tu, dakika 30 za mwanzo, kisha livuliwe na kutundikwa chumbani kabla pilau haijafunuliwa. Mafuta ya pilau kwenye kitambaa kile hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Kama tarehe ya kurudisha ni Ijumaa hiyohiyo, picha za familia zipigwe chuoni na Jumamosi avae kitenge.

Cheti cha tuzo kisipitishwe mkono kwa mkono kwa watu 60. Pigeni skani mapema, chapisheni nakala ya rangi ukubwa wa A3, muiweke kwenye fremu mezani; hiyo ndiyo itakayoshikwa na kupigwa picha. Cheti halisi kikae kwenye faili gumu. Na tafadhali sana msikifunike kwa plastiki ya moto. Mihuri na alama za usalama hazikaguliki vizuri tena, na zipo ofisi zinazokataa vyeti vilivyofanyiwa hivyo.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha siku: maelezo ya kazi yake. Mahali pengi sherehe za namna hii hupita saa nne nzima, watu wakala wakacheza, na anayeulizwa njiani "mtoto kapewa tuzo ya nini?" anajibu "amesoma sana". Ninyi mna bahati ambayo ni adimu. Mada yake ni mahindi, na wageni wenu ni wakulima wa mahindi. Mtafuteni mtu mwenye sauti nzuri, asiwe mdogo wenu mwenyewe, asome maelezo ya dakika mbili kwa Kiswahili cha kawaida. Mfano:

"Ndugu zetu, mahindi yakivunwa na unyevu, au yakianikwa juu ya udongo mtupu, huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huwezi kuiona kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Binti yetu alitaka kujua mahindi yanaanza kuharibika wapi: shambani, kwenye kuanika, au ghalani. Alikusanya sampuli, akazipima maabara, akaandika kitabu kinachoitwa tasnifu, akasimama mbele ya walimu wakamhoji mpaka wakaridhika. Mwaka huu ndaki yake imesema kati ya vitabu vyote vya uzamili, hiki ndicho bora."

Badilisheni kulingana na alichokifanya hasa. Yeye mwenyewe aisome rasimu, athibitishe kila sentensi. Kama hakupima ghalani, msiseme ghalani.

Halafu kuna tahadhari moja ambayo familia nyingi haziijui. Kaya na vijiji vilivyotoa sampuli vilikubali kwa ahadi kwamba majina yao hayatatajwa. Kwa kuwa wageni wenu wanatoka Kondoa, mtu atauliza tu, "Na mahindi ya kijiji chetu ulipima? Ya nani yalikuwa na sumu?" Asijibu, na msherehekeshaji awe tayari kumkinga: "Hayo ni siri ya watafitiwa, lakini namna ya kujikinga atatuambia." Hapo apewe dakika tano aseme yanayofaa kila mtu: kuanika juu ya turubai na siyo chini, kukausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla ya kusaga, kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wazee wataondoka na kitu cha kufanya msimu ujao, na watajua kwa nini chuo kimempa tuzo.

---

Sufuria_Mbili

Mimi naongelea chakula tu.

Mmeandika 60, pikeni cha watu 75. Jirani, dereva aliyewaleta wazee, watoto ambao hawakuandikwa, wote watakula.

Mchele kilo 10. Kilo moja ya mchele kwenye pilau ya sherehe inatosha watu saba hadi wanane wazima. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kiasi, kilo 8. Vitunguu maji kilo 2 na nusu, mafuta lita moja na nusu, kitunguu saumu robo kilo, tangawizi mbichi robo kilo, viazi mviringo kilo 3 kama mnapenda. Binzari nyembamba gramu 100, pilipili manga gramu 30, hiliki gramu 30, mdalasini vijiti 10, karafuu kijiko kimoja cha chai kilichojaa, usizidishe, karafuu ikizidi pilau inakuwa chungu. Viungo vikaangwe kidogo bila mafuta na kutwangwa siku hiyohiyo. Vya kusagwa vilivyokaa dukani harufu imeshakwenda.

Msipike kilo 10 kwenye sufuria moja. Hapo ndipo pilau nyingi za nyumbani zinapoharibikia: chini inaungua, katikati inakuwa bokoboko, juu punje bado ngumu, kwa sababu uzito wa mchele unabana mvuke usipande. Chukueni sufuria mbili za lita 25, kila moja kilo 5 za mchele na kilo 4 za nyama.

Nyama ichemshwe kwanza mpaka ilainike, supu itunzwe. Vitunguu vikaangwe hadi viwe kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau inatoka hapo, na mwenye haraka akivitoa vikiwa vya dhahabu atapata pilau nyeupe. Saumu, tangawizi, viungo, kisha nyama, kisha supu. Kipimo: kwa kila vikombe 10 vya mchele, vikombe 15 vya supu na maji, mchele mpya wa Kilombero au Kyela uupunguzie hadi 14, maana bado una maji yake. Mchele uwe umelowekwa dakika 20 na kuchujwa vizuri. Chumvi ionjwe kwenye supu inapochemka, iwe imezidi kidogo, kwa sababu mchele utaivuta. Maji yakikauka usawa wa mchele, geuza mara moja tu toka pembeni, funika, punguza moto wa chini, weka makaa juu ya mfuniko dakika 25 hadi 30. Ukigeuza mara kwa mara punje zinavunjika.

Kachumbari: nyanya kilo 5, vitunguu kilo 3, pilipili pembeni kwa wanaotaka. Vitunguu vioshwe kwa chumvi, lakini chumvi ya mwisho na ndimu viingie dakika 10 kabla ya kupakua, la sivyo mtakuwa na beseni la maji. Tikiti maji manne ya kilo 5 kila moja yanatosha.

Soda kreti 5 za chupa 24, ni chupa 120. Maji ya nusu lita chupa 150. Hesabuni chupa, msihesabu katoni, kwa kuwa kuna katoni za 12 na za 24, na wengi hununua nusu ya walichohitaji bila kujua.

Mchinjaji na mpishi wawe Waislamu, kwa heshima ya wazee, hata kama wageni wengine ni Wakristo. Wote watakula bila wasiwasi. Na pilau iliyopoa isikae nje zaidi ya saa mbili. Inayobaki igawiwe ingali ya moto, msiilaze kwenye sufuria mpaka asubuhi.

---

Katibu_wa_Kamati

Kwa milioni moja na laki mbili nakubaliana na mama. Ukumbi utameza theluthi au zaidi ya fedha kabla hata ya mchele, na kwa watu 60 ukumbi unaonekana mtupu. Nyumbani wazee wana pa kupumzikia, pa kutawadha na pa kuswalia.

Mgawanyo ambao ningeupeleka kwenye kikao: chakula, vinywaji na mpishi 550,000, tenti, viti 80 na meza 180,000, spika mbili na mike mbili 80,000, keki 90,000, bango na mpiga picha 100,000, zawadi 150,000, akiba 50,000. Ulizeni bei kwa watu watatu kabla ya kulipa, Kihonda hazifanani na za mjini kati.

Ahadi za laki nne msizihesabu kabisa. Bajeti ifungwe kwa fedha iliyoingia, siku 10 kabla. Ahadi itakayotimia baada ya hapo iende kwenye zawadi, ambako kuchelewa hakuharibu kitu. Michango ipokewe kwenye namba moja ya simu, mwenye namba awe mweka hazina na si mnunuzi, na kila jioni aweke orodha kwenye kundi la familia: jina, kiasi, tarehe. Jina la mdogo wenu lisiwe kwenye orodha hiyo. Hachangii sherehe yake mwenyewe, na kwenye kundi la kamati msimuingize.

Tenti ni lazima hata jua likiwaka asubuhi, maana Novemba Morogoro ni vuli. Chukueni la watu 100, mvua ikija meza ya chakula nayo iingie ndani. Kamba zifungwe kwenye vigingi vya chuma, siyo kwenye matofali ya ukuta wa jirani. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa wiki moja kabla, hasa kama magari yataziba njia.

MC wa kukodi hamumhitaji. Kaka au binamu mwenye ulimi mzuri anatosha, ila apewe karatasi yenye ratiba na mambo ambayo hayaguswi: ndoa ya mhusika, ajira, na kumlinganisha na ndugu ambao hawakusoma. Maneno kama "sasa tunasubiri mahari" husemwa kwa furaha, lakini mbele ya watu 60 yanaifuta tuzo pale pale na kumwacha binti akitazama chini.

Ratiba: saa saba wageni na picha za joho, saa nane kasoro robo dua, saa nane maelezo ya tuzo na neno lake, saa nane na nusu wazazi, kisha chakula. Keki na zawadi saa kumi kasorobo. Saa kumi na moja imekwisha.

---

Shangazi_Mkubwa

Katibu kasema vizuri, ila hapo kwenye chakula mimi napinga. Wazee wanaotoka Kondoa watakuwa wamefika Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi wakiwa wamechoka. Wengine wana kisukari na dawa zao ni za kula kwa saa. Ukiwaweka mpaka saa tisa hawatamsikia mtoto, watakuwa wanasikiliza sufuria.

Saa saba hiyohiyo wapewe uji au chai na vitafunwa: maandazi mawili mawili kwa kila mtu, na karanga. Unga kilo 4 unatoa maandazi kama 150 ya wastani. Wenye sukari wapewe mihogo ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Hapo maneno yatasikika, na pilau ya saa tisa italiwa kwa raha. Ratiba yako ibaki kama ilivyo.

Na wazazi watajwe kabla ya chuo. Mama apewe mike akiwa amekaa, asiitwe mbele, wengine hulia wakasahau walichotaka kusema. Msimamizi wake wa utafiti akialikwa, aketi meza ya wazazi, asiketi na vijana.

---

Katibu_wa_Kamati

Shangazi nimekubali. Maandazi yatoke kwenye ile 550,000, inatosha.

---

Msimamizi_wa_Utafiti

Kwenye zawadi, kwa mtu aliyefika hapo na huenda akaomba nafasi ya uzamivu, vitu vya kupamba sebule havimsaidii. Shilingi 150,000 ndiyo ada ya pasi ya kusafiria ya kawaida Tanzania. Kama hana pasi, mpeni fedha hiyo kwenye bahasha iliyoandikwa "Kwa ajili ya pasi", ajaze maombi mwenyewe. Ufadhili au mkutano wa nje ukitokea, mara nyingi muda wa kuanza kuhangaikia pasi huwa haupo. Ahadi zikitimia, ongezeni diski ya nje ya terabaiti moja. Data za maabara na picha za sampuli anazo, na zikiwa kwenye kompyuta moja tu, siku ikiharibika amepoteza miaka miwili ya kazi.

Zawadi nyingine nzuri na ya gharama ndogo: chapisheni nakala mbili za tasnifu zenye jalada gumu, moja ya wazazi, moja ya msimamizi wake. Duka la kuchapa lipewe faili la PDF la mwisho lililopitishwa na chuo, siyo rasimu ya Word, kwa kuwa Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine majedwali huhama. Wapeni siku tano, wiki ya mahafali maduka hayo yanajaa.

Mashada ya noti za kubandika kwa gundi au pini yaacheni. Noti inaharibika. Anayetaka kutunza fedha aweke kwenye bahasha, mtu mmoja ashike kapu na daftari.

---

Binti_Kihonda

Shukrani sana, nimenakili yote na nimempelekea mama. Maswali mawili yamebaki. Kaka yetu yuko Ujerumani na anataka kushuhudia moja kwa moja. Na je, wazee wakitaka kuuliza maswali kuhusu mahindi, tuwaruhusu pale pale au baada ya chakula?

---

Fundi_Spika_Moro

La kaka nalijibu mimi. Novemba Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa sababu saa zao hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Maelezo ya tuzo yakianza saa nane mchana, kwake ni saa sita mchana. Kwenye ujumbe mwandikieni kwa tarakimu, 12:00 saa za Ujerumani, maana ukimwandikia "saa nane" hajui kama ni ya Kiswahili au ya kule.

Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na itakatika mama akiwa katikati ya neno lake. Kwa mtu mmoja tumieni simu ya video ya WhatsApp. Simu iwe kwenye stendi mita mbili kutoka kwa msemaji, upande wa mbele wa tenti, ikiwa imechomekwa chaji. Ijaribuni Alhamisi mkiwa mahali hapohapo, maana mtandao wa ndani ya nyumba na wa uani haulingani. Kaka azime mike yake mpaka apewe zamu ya kusema. Zamu yake ikifika, mike moja ya spika isogezwe kwenye simu na spika zigeuziwe mgongo. Mike ikitazama spika itapiga yowe na wazee watashika masikio.

Umeme ukikatika spika zote zinakufa, kwa hiyo mkodishaji aje na jenereta au spika moja ya betri. Muulizeni kabla ya kulipa, kuna wanaosema "ipo" na inafika bila mafuta.

---

Msimamizi_wa_Utafiti

Maswali ya wazee yawe baada ya chakula, kabla ya keki, dakika 20, wakiwa wamekaa duara na yeye amekaa nao, bila mike. Mkulima huuliza vizuri zaidi akiwa ameketi na muulizwaji kuliko akisimama mbele ya spika. Mletee sahani mbili za mahindi: moja yenye punje safi, nyingine yenye zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye kuvu, aonyeshe kwa mkono zipi za kutupa. Zile mbovu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, zisiguswe, zisikae karibu na meza ya chakula, na mwisho zichomwe. Wala zisitupiwe kuku, sumu hiyo inawadhuru nao.

Awaambie pia kwamba sahani safi haithibitishi kuwa hakuna sumu. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu aina ya aflatoksini kwa kilo ya mahindi, na hicho hupimwa kwa vipimo maalumu, siyo kwa macho. Kuchambua kunapunguza, kukausha mapema kunazuia. Akiulizwa wapi pa kupimia, awe ameshaandaa jina la ofisi ya kilimo ya wilaya yao na kitengo cha chuo kinachopokea sampuli, ameliandika kwenye vikaratasi 20, kila mzee aondoke na chake.